Herufi Zitapotea

Wiki ile ya mwaka mpya, watu waliokimbilia ukumbi wa kanisa pale Kawangware, Nairobi, walifika kila mmoja na kitu alichokidaka bila kufikiri. Mmoja alikuja na sufuria yenye maziwa nusu. Mwingine alikuja na rimoti ya televisheni. Televisheni yenyewe aliiacha Kibera ikiungua. Kathini alifika na mtoto mgongoni, kiatu mguu mmoja, na mume hayuko.

Mume aliitwa Mwanzia. Alikuwa fundi wa zipu katika Soko la Toi. Mkoba wa mtumba ukikatika meno, begi la shule likikataa kufunga, anapelekewa yeye. Jumapili matokeo ya kura yalipotangazwa na makabila yakageukiana, jua likielekea kutua, alikuwa Toi akiokoa cherehani yake kabla moto haujafika kibandani. Kathini alikuwa nyumbani Kianda, mtaa mmoja wa Kibera, akimwogesha Yvonne, mwenye miezi minane. Kelele zikaingia kwenye ploti, ua wa vyumba vya kupanga. Alimfunga mtoto kwa leso akiwa bado na sabuni masikioni, akafuata migongo ya majirani, na migongo ile haikusimama hadi Kawangware. Simu yake ilibaki ukutani ikichajiwa. Ya Mwanzia, kila alipoazima simu ya mtu akaipiga, yule mwanamke wa mtandao alimjibu kwa upole ule ule: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Jumatatu asubuhi, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti lililopakana na kanisa, Mzee Kiarie, aliingia ukumbini amekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba kondoo mgonjwa. Kiarie alizaliwa Kawangware ikiwa bado mashamba ya mahindi, na ploti zake zilianzia ukuta wa kanisa hadi barabarani.

"Nani hapa anajua kutaipu?" aliuliza. "Na sitaki mtu wa kutafuta herufi kama kuku anadonoa."

Kathini aliinua mkono.

"Ulisomea wapi, mama?"

"Nilisoma jioni, kule Olympic. Kwa Mwalimu Urbanus."

"Jioni!" Kiarie akacheka, kicheko cha kwanza kusikika ukumbini tangu jana. "Basi wewe ndio unajua. Wa mchana wote walikuwa wanasinzia."

Kazi ilikuwa hii: kila anayeingia aandikwe, na orodha ipelekwe katika shule moja upande wa Olympic, ukingoni mwa Kibera, ambako orodha za makanisa yote zilikuwa zikiunganishwa. Waliobaki Kibera wakitafuta watu wao walikwenda kuuliza huko. Mtu akitaja jina, karani analitafuta kwenye mashine, na waliopotezana wanapatana. Kathini alijiandika wa kwanza kabisa. Mwanzia angeuliza. Mwanzia angekuja. Kilichobaki ni jina lake kuwa mahali litakapotafutwa.

Sasa, Mwalimu Urbanus alikuwa na ugonjwa mmoja, na wanafunzi wake waliuita ugonjwa wa kofia. Kikamba kina i mbili na u mbili, na Kikuyu vilevile. Moja iko kichwa wazi, nyingine ina kofia ndogo iliyopinda juu yake, na sauti zake si moja. "Ukimwandika mtu bila kofia yake," alizoea kusema, "umemwandika mtu mwingine. Jina ni vile mama yako alikuita ukiwa hujui kitu." Akawafundisha namna ya kuiweka kwa kompyuta. Wenzake Kathini waliona ni kupoteza wakati. Yeye, ambaye shule ilimwacha darasa la saba, siku alipojiona kwenye kioo cha kompyuta ameandikwa Kathĩnĩ, aliinuka nusu kitini, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo riziki yake. Alitaipu matanzia na kadi za harusi kwa Kikamba na Kikuyu, na watu walitoka hata mtaa wa Satellite kumtafuta. Mwanzia naye alimtangaza kule Toi kwa kila mteja: "Bibi yangu anaweka kofia, hakuna mwingine Kianda nzima." Kuna mzee alisikia hivyo, kesho yake akaleta kofia mbili za sufu zilizofumuka. Mwanzia hakuwa na moyo wa kumrudisha. Alizishona mwenyewe.

Kwa hiyo pale ukumbini Kathini aliwaandika watu na kofia zao. Hakuona sababu ya kuwavua. Ajuza mmoja, Wangeci wa Mũigai, aliinama karibu na kioo akaligusa jina la babake kwa ncha ya kidole.

"Hata karani wa kitambulisho hakuniandika hivi," akasema. "Tumefukuzwa kama mbwa, na wewe unatuandika kama watu."

Fomu ilikuwa na safu tatu: jina, alikotoka, na watoto. Wadogo wasiofika miaka mitano hawakuandikwa majina, walihesabiwa tu. Mbele ya jina lake Kathini aliandika 1, na huyo moja alikuwa mapajani mwake akijaribu kula waya wa kipanya.

Alasiri alipomaliza na kutaka kuhifadhi, kompyuta ikamletea kisanduku. Ilimwambia kwamba orodha hii ina herufi ambazo, zikihifadhiwa kwa namna ya kawaida, zitapotea. Aendelee?

Aliyaelewa maneno. Akabonyeza hapana. Akachagua namna ile nyingine aliyofundishwa na Urbanus, ile inayobeba herufi za lugha zote za dunia bila kuangusha hata moja.

"Hatupotezi kitu kingine wiki hii," akamwambia Yvonne.

Faili akaiita Kĩanda, kwa sababu wengi walitoka huko, na kwa sababu Mzee Kiarie alimhakikishia kwamba hivyo ndivyo mahali pale panavyoitwa na wenye kupajua.

Mpelekaji alikuwa mzee Nicanor, tarishi wa posta aliyestaafu, Mjaluo aliyekaa Kawangware miaka mingi kuliko nyumba nyingi za pale. Njiani kulikuwa na vizuizi, kimoja cha vijana wa upande huu na kingine cha vijana wa upande ule, na Nicanor alipita kote, maana alikuwa amepeleka barua kwa baba zao wote. Flashi yenye orodha aliiweka ndani ya soksi.

"Miaka thelathini nimebeba gunia begani," alisema akifunga kamba ya kiatu. "Leo nabeba ukumbi mzima kwa kisigino."

Alikwenda Jumanne. Jumatano asubuhi alirudi na soksi na habari.

"Mama Yvonne, Murunga, karani wa kule shule, anasema faili yako haifunguki. Anaiona iko, lakini akiigusa mashine inamwambia haiko."

"Anaiona imeandikwaje?"

Nicanor alitoa karatasi. Murunga alikuwa amenakili jina la faili kama lilivyotokea kwake: K_anda.

Kathini alielewa papo hapo, akajiona mjanja. Mashine ya Murunga ilikuwa ya zamani, haikuijua ile i yenye kofia, ikaweka pengo mahali pake, kisha ikashindwa kulifungua jina ambalo yenyewe imeliharibu. Alibadilisha jina la faili, akaandika Kianda, kichwa wazi, akampa Nicanor. Mchana uleule mzee akaenda, na jioni kabla giza halijaingia akarudi akipunga mkono tangu langoni.

"Imefunguka!"

Usiku huo Kathini alilala usingizi. Hakuwaza kwamba mashine iliyoshindwa kusoma kofia moja mlangoni itashindwa pia na zile zilizoko ndani.

Ijumaa Nicanor alileta kitu kipya kutoka kwa Murunga: orodha ya waulizaji, yaani watu waliofika shuleni kutafuta jamaa zao. Kathini aliifungua huku ananyonyesha. Alisoma polepole, mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa kumi na moja kidole chake kikasimama.

*Mwanzia Kavoi, fundi, Toi. Amekuja Alhamisi saa nne asubuhi. Anatafuta mke Kathini, mtoto Yvonne. Jibu: hawako.*

"Yuko hai!" Alisimama na mtoto kifuani. "Mzee Kiarie! Yuko, amekuja, yuko hai!"

Wanawake walipiga vigelegele. Wangeci alimkumbatia yeye na mtoto kwa pamoja. Kiarie akaja mbio kutoka saibani akidhani kuna vita, akasoma mstari ule kwa miwani ya kusomea, akausoma tena.

"Lakini hapa wanasema hamko," akasema.

"Wamekosea."

"Alhamisi saa nne orodha yako ilikuwa imeshafika. Si Nicanor aliipeleka Jumatano?"

Kathini alihesabu siku kwa vidole. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea nyuma yake.

Jumamosi asubuhi alimwachia Yvonne mke wa Kiarie, akaandamana na Nicanor. Kwenye kizuizi cha pili, vijana sita walikuwa wamekaa juu ya tairi na kitanda kilichovunjika. Mmoja akasimama.

"Niaje, buda," akamsalimia mzee kwa Sheng. "Na huyu mresh, huyu msichana?"

"Ni binti yangu."

"Anaitwa?"

"Akinyi," Nicanor akasema, akimpa jina la Kijaluo.

"Ebu aongee kidogo tusikie hiyo Kijaluo."

Kathini hakujua hata salamu moja ya Kijaluo. Nicanor alimgeukia kijana kwa hasira ya mzazi.

"Amezaliwa Kawangware, unataka ajue nini? Na wewe Ochieng', nyanya yako alipokuja kutoka Ugenya si ulimsalimia kwa Sheng hadi akauliza kama wewe ni mgonjwa?"

Wenzake walianguka kicheko. "Amekumaliza, Ochi!" Kitanda kikasogezwa. Kathini alipita akiitwa Akinyi, na jambo lililomshangaza ni kwamba halikumuuma popote. Jina lilitoka kama koti.

Murunga alikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, mwanamume mpole mwenye macho mekundu ya kutolala, mbele ya kompyuta yenye mgongo mkubwa.

"Karibu, dada. Unatafuta nani?"

"Natafuta mtu aliyekuja kunitafuta. Mimi ni Kathini. Mke wa Mwanzia."

Murunga alimtazama. "Fundi wa zipu?" Akaligeukia jedwali lake upesi. "Lakini wewe haukuwa kwa orodha. Nilitafuta mbele yake. Ona." Akaandika Mwanzia, akabonyeza. Mashine ikajibu haipatikani. Akaandika Kathini. Haipatikani.

"Fungua ya Kianda. Shuka mwenyewe kwa macho."

Hawakushuka mbali. Alikuwa wa kwanza kabisa.

*KathÄ©nÄ© MwanzÄ©a, Kianda, 1.*

Na chini yake, *Wangeci wa MÅ©igai*. Na chini yake wengine, majina yaliyopasuka katikati kama vyungu, A zenye vidoti na A zenye duara kichwani.

"Hiyo ni virusi," Murunga akasema. "Hiyo flashi ya kanisa ilikuja na virusi. Nimeskani mara mbili, haitoki."

Kathini aliangalia jina lake. Kila mahali alipoweka kofia, mashine ilikuwa imeweka takataka mbili. Hazikuwa virusi. Zilikuwa zile herufi alizokataa zipotee.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema jaribu tena. Nikajaribu. Akasema basi tafuta Yvonne, hilo ni jina la kizungu, halina shida. Nikamwambia watoto wako kwa nambari tu." Murunga alijipangusa uso. "Akakaa hapo kwa hicho kiti. Akasema, 'Ndugu, bibi yangu ni mtu wa kuandika. Angekuwa ametoka, angekuwa amejiandika. Kama hayuko kwa karatasi, basi hajatoka kwa nyumba.' Nikamwambia asiende Kianda, huko kulikuwa moto siku hiyo, risasi zinasikika tangu asubuhi. Akanishukuru. Alinishukuru, dada. Akaenda."

"Saa ngapi?"

"Saa tano hivi."

"Na hajarudi."

"Hajarudi."

Nicanor alisimama mlangoni ameshika kofia yake mkononi. Nje, foleni ya waulizaji ilikuwa imezunguka jengo. Kathini alimwomba Murunga ampishe kwenye kiti. Aliamuru mashine itafute ile takataka ya kwanza na mahali pake iweke i tupu. Itafute ya pili, iweke u tupu. Iliuliza: badilisha zote? Ndiyo. Majina arobaini na moja yalijiunga mbele ya macho yao, kichwa wazi, mtu yeyote angeweza kuyapata.

"Ni hivyo tu?" Murunga aliuliza.

"Ni hivyo tu."

"Ilichukua dakika mbili."

"Naam."

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa kijana mwenye bandeji kichwani. Alimtafuta nyanya yake, Wangeci wa Muigai. Murunga aliandika, akabonyeza, na mashine ikaruka moja kwa moja hadi kwenye jina. Kijana alipiga magoti pale pale mbele ya meza akalia kwa sauti, akimshika Kathini mikono na kumbariki, na Kathini akamwelekeza njia: akifika Kawangware aulize kanisa lililopakana na saiba, nyanyake analala upande wa madhabahu, analalamikia baridi, ampelekee sweta.

Kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya choo cha shule, akashika ukuta.

Walimtafuta Mwanzia Jumamosi na Jumapili. Jirani mmoja aliyebaki Kianda alisema alimwona Alhamisi mchana akiondoa mabati yaliyoungua pale nyumba yao ilipokuwa, moja moja, akiita. Aliita sana, jirani alisema. Tulimwambia nyamaza, watakusikia. Baadaye risasi zilipita upande ule, na hakuna aliyejua zilitoka wapi. Jumatatu Kiarie alivaa suti yake ya kanisani akamsindikiza Kathini mochari. Mwanzia alikuwa hapo tangu Alhamisi jioni, ameandikwa mwanamume, hajulikani. Kathini alimjua kwa kidole gumba chenye kovu la sindano ya cherehani kabla hawajamfunua uso. Viganja vyote viwili vilikuwa vyeusi kwa masizi.

Njia nzima ya kurudi Kiarie aliongea, maana alikuwa mtu asiyeweza kunyamaza kwenye huzuni. "Ni hiyo mashine mzee ya shule. Ingekuwa yangu mpya, ingesoma. Usijitie makosani, mama. Ukiulizwa, sema ni mashine. Hata Murunga anasema ni virusi."

"Haikuwa virusi, Mzee."

"Nani atajua?"

Mama yake Mwanzia, Kalondu, alikuwa Kitui. Habari za kifo alipelekewa na mwanawe mwingine, lakini Jumanne alituma ujumbe kwamba anataka kuongea na Kathini, yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Kadi za simu zilikuwa zimeadimika wiki ile. Kiarie alipata moja mahali, akaikwangua, akampa simu yake, akatoka nje ya saiba akafunga mlango.

"Mwaitu," Kathini akasema. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Waliongea kwa lugha yao.

"Kathini. Mtoto yuko?"

"Yuko. Amelala."

"Nataka kukuuliza jambo moja, na unijibu kama mbele ya Mungu. Watu hapa sokoni wanasema maneno. Wanasema Mwanzia alienda kuokoa cherehani akakuacha na mtoto, na kwamba alipatikana akikimbia. Mwanangu alikimbia, au alikutafuta?"

"Alinitafuta, mwaitu."

"Umejuaje?"

Kathini aliutazama mlango. Nje aliona kivuli cha Kiarie kimesimama kwenye kioo, bega moja juu. Angeweza kusema mashine.

"Alifika mahali palipo na orodha. Alikuja asubuhi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Na mimi nilikuwa kwenye orodha hiyo, jina la juu kabisa. Lakini nilikuwa nimeliandika kwa namna yangu, kwa madoido yangu, mashine ikaambiwa itafute na haikuniona. Akaambiwa siko. Akaenda kunitafuta nyumbani. Si mtu mwingine aliyefanya hivyo, mwaitu. Niliulizwa nikachagua."

Jogoo aliwika Kitui, mbali na simu.

"Mimi sijui mambo ya mashine," Kalondu akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imezeeka tangu mwanzo wa maongezi. "Niambie tu. Alipofika hapo, alilitaja jina lako?"

"Alilitaja. Mara mbili."

"Na la mtoto?"

"Na la mtoto."

"Na kule nyumbani? Uliniambia alienda nyumbani."

"Aliita. Jirani alimsikia akiita hadi wakamwambia anyamaze."

Kalondu alilia basi, kilio kidogo kikavu, kama mtu anayekohoa ili asiwaamshe wengine. Kathini alingoja laana. Alikuwa ameitayarishia mahali.

"Mleteni nyumbani," mama mkwe akasema. "Na wewe na mtoto mje pamoja naye, usije nyuma. Nitawaambia watu wa soko wenyewe kwamba..."

Hapo salio likaisha, simu ikakatika. Kathini alibaki ameishika simu sikioni, haikuwa na kitu tena ndani yake, akingoja amalizie.